Mgonjwa wa Toledo Aliyezungumza Kijaluo

Barua iliyonitoa nyumbani ilifika Lambwe mwezi wa Septemba, mwaka wa tisini na sita, nikiwa shambani napalilia maharagwe. Padri wa parokia yetu aliileta mwenyewe kwa pikipiki. Ilitoka Toledo, mji wa kale huko Uhispania, katika nyumba wanamokaa masista waliozeeka. Aliyeiandika alijiita Sista Pilar. Alisema kwa Kiingereza chepesi kwamba Sista Remedios amepatwa na kiharusi, mkono wa kulia hauinuki, na Kihispania, lugha aliyozaliwa nayo, kimemtoka chote.

"Anazungumza lugha ambayo hapa hakuna anayeijua," aliandika. "Tunadhani ni ya kwenu. Kuna maneno anayarudia kutwa, nasi hatujui kama ana njaa, au anaumwa, au anamtaka padri. Jina lako ndilo tunalolisikia zaidi. Familia yake itagharamia safari. Tafadhali njoo umsikilize."

Chini yake aliyaandika maneno hayo jinsi sikio la Mhispania lilivyoyapokea. La kwanza lilikuwa *ñati*. Nililisoma mara mbili ndipo nikalitambua. *Nyathi*. Mtoto.

Niseme Sista Remedios alikuwa nani kwangu. Ndiye aliyenifundisha ukunga katika dispensari ya misheni, nikiwa mke mpya pale Lambwe, na nikafanya kazi chini yake miaka kumi na mitano. Mwaka wa sabini na nane, binti yangu wa kwanza, Awuor, alikuwa na miaka miwili. Alishikwa na homa. Siku ya tatu mchana, mama mmoja aliletwa dispensari akiwa amezidiwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya tumboni. Gari lilikuwa moja, Landrova ya misheni. Sista akampakia yule mama ampeleke hospitali ya Homa Bay. Mimi nilibaki kuwaangalia wagonjwa wengine, lakini nilimshika mkono dirishani nikamwambia, "Sista, nyumba yangu iko njiani. Mpitie Awuor, umpeleke pia." Akasema, "Nitampitia."

Mvua ikanyesha, ule udongo wetu mweusi ukawa kama uji, na Landrova haikuweza kurudi mpaka kesho yake. Mimi nilitembea kwa miguu nikafika nyumbani magharibi. Awuor alikuwa ameshakufa. Mume wangu Okello alikuwa amesimama mlangoni. Nilimuuliza gari la Sista lilisimama saa ngapi. Akasema, "Lilipita tu. Halikusimama."

Sista aliporudi aliniambia maneno mawili. "Ningemchukua, Akinyi." Mimi nilidhani anatubu, nikanyamaza. Nikanyamaza miaka kumi na mitatu, mpaka alipostaafu na kurudi kwao. Nilimpikia, nilimfulia nguo alipougua malaria, tulizalisha wanawake pamoja mamia kwa mamia. Swali moja tu sikumuuliza.

Okello hakuipenda safari hii. Hakunikataza, lakini kila nilipoanza kuizungumzia alitoka nje kwenda kuangalia ng'ombe. Siku moja tu aliniambia, akiniita binti wa ukoo wetu kama afanyavyo, "Nyar Kanyada, yule ni mzee na ni mgonjwa. Mambo ya zamani yaache hukohuko." Nikadhani anamwonea huruma Sista, na nikamheshimu kwa hilo.

Mwisho wa Oktoba niliondoka. Kutoka Homa Bay nilipanda basi la Kisumu, kisha la Nairobi, na siku ya pili nikapanda ndege kwa mara ya kwanza maishani. Sikuogopa ndege. Nilichoogopa ni kwamba nilikuwa nimebeba hasira ndani ya sanduku pamoja na karanga na samaki wakavu, na sikujua nitaitoa kwa maneno gani.

Madrid nilipokelewa na Sista Pilar, mama mfupi wa miaka hamsini hivi, anayetembea haraka kama mtu aliyeacha sufuria motoni. Alijifunza Kiingereza Ireland. Tulipanda treni ya Toledo, mwendo wa kama saa moja na nusu, kati ya mashamba makavu ya rangi ya ngozi ya simba. Nilimuuliza kama kuna njaa huku. Alicheka, akasema ngano imeshavunwa, ardhi inapumzika.

Mji wenyewe niliuona ghafla. Umekaa juu ya kilima cha mawe, na mto unaoitwa Tajo umeuzunguka pande tatu kama mkono unaokumbatia. Nyumba zimebanana, zote za rangi ya udongo uliochomwa, na juu yake umechomoza mnara wa kanisa kuu. Tulivuka daraja la mawe, tukapanda kwa miguu. Njia ni nyembamba kiasi kwamba gari likipita watu huingia milangoni. Nilijiuliza kama Sista Remedios, aliyekulia kwenye kuta hizi, alijisikiaje siku ya kwanza alipoliona bonde letu, ambako jicho linakwenda mpaka vilima vya Gwasi bila kuzuiwa na kitu.

Alasiri hiyo nilipelekwa chumbani kwake. Alikuwa ameketi kwenye kiti karibu na dirisha, amevikwa shali ya kijivu. Aliondoka kwetu akiwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha. Nilimkuta amekuwa mdogo kama mtu aliyekaushwa juani. Alinitazama kwa muda. Kisha akasema, kwa Kijaluo kile chake cha kukanyaga maneno, "Akinyi. *Nyathi ochiewo?*"

Mtoto ameamka?

Nilikaa kitandani. Sista Pilar aliniinamia. "Hayo ndiyo maneno. Anasema nini?"

"Anauliza habari za mtoto," nikasema.

"Mtoto gani?"

"Wa zamani."

Hakuniuliza zaidi. Aliniletea chakula hukohuko chumbani, supu ya vitunguu saumu iliyotiwa mkate mkavu na pilipili nyekundu isiyowasha, na yai limevunjwa juu yake. Alisema ni chakula cha maskini wa mji ule tangu zamani, na ndicho Sista Remedios alichokipenda utotoni. Nilimlisha kwa kijiko. Alikula polepole, na kila baada ya vijiko vitatu vinne aliuliza tena. Sikumjibu.

Siku ya pili asubuhi, Sista Pilar alinitembeza mjini ili, alivyosema, nisije nikarudi Kenya nimeona kuta nne tu. Tuliingia kanisa kuu. Ndani ni kubwa na baridi, nguzo zake nene kama mibuyu, na mahali pamoja wametoboa paa ili mwanga uanguke juu ya sanamu za malaika. Kisha akanipeleka kwenye nyumba nyeupe yenye matao kama kwato za farasi. Ilijengwa na Wayahudi kuwa sinagogi, baadaye ikafanywa kanisa, na sasa si kanisa wala sinagogi, watu huingia kutazama. Si mbali kuna msikiti mdogo wa zamani, nao vilevile.

"Waliishi pamoja hapa, watu wa dini tatu, miaka mingi," alisema. "Halafu wengine wakafukuzwa."

"Na waliobaki walisema nini?"

"Walinyamaza. Mji huu una ukimya mwingi, Perpetua. Watalii huuita uzuri."

Perpetua ni jina langu la ubatizo. Kwetu hakuna anayeniita hivyo.

Alasiri nilirudi chumbani. Sista Remedios alikuwa akinisubiri, macho mlangoni. "Akinyi. Mtoto ameamka?" Sijui ni nini kilichokatika ndani yangu. Labda ni uchovu, labda ni ule ukimya niliosimuliwa. Nilipiga magoti mbele yake nikasema kwa Kijaluo, kwa sauti ambayo sikuwahi kumtolea, "Awuor alikufa, Sista. Alikufa siku ileile. Hukumchukua, akafa."

Alinitazama kana kwamba nimempiga. Mdomo wake ulitetemeka, ule upande mzima. Kisha akalia. Hakuwahi kulia mbele yangu, hata siku tuliyomzika Awuor. Alilia kwa sauti, mkono wa kushoto ukipapasa hewani ukinitafuta, nami sikuupokea. Machozi hayo nilikuwa nimeyadai moyoni miaka kumi na minane. Yalipokuja nilikaa nikiyatazama, na sikusikia nafuu yoyote.

Baada ya nusu saa akanyamaza. Akafutwa uso, akapewa maji. Kisha akageuka kwangu, uso wake umetulia kabisa, akauliza, "Akinyi, mtoto ameamka?"

Siku ya tatu nilimwambia tena mara mbili. Nasema bila kujificha. Asubuhi nilimwambia kwa hasira iliyobaki. Mchana nilimwambia kwa sababu sikujua la kusema lingine. Kila mara alilia kama mtu anayepata habari hiyo kwa mara ya kwanza, na kila mara aliisahau. Sista Pilar alinivuta pembeni kwenye ukumbi.

"Sijui unamwambia nini," alisema. "Sina haki ya kuuliza. Lakini ni kama unamletea msiba mpya kila siku."

Mchana huo sikuweza kula. Walikuwa wamepika ndege mithili ya aluru, tombo wa kwetu, ila mkubwa zaidi, katika siki, mafuta ya zeituni na majani ya harufu, chakula cha heshima cha mji ule. Wamempikia mgeni. Sista mmoja mzee sana, aliyekuwa ndiye mpishi, alisimama karibu na meza akiangalia sahani yangu, na mimi sikuwa na lugha ya kumwambia kwamba kosa si la mikono yake. Nikala vipande vitatu kwa ajili yake.

Siku ya nne ilikuwa sikukuu ya Watakatifu Wote. Toledo nzima ilishuka makaburini. Watu wazima, watoto, wanaume waliovaa makoti mazuri, kila mtu amebeba maua makubwa ya manjano na meupe. Walisugua mawe ya makaburi kwa brashi na sabuni kama mtu anayesugua sakafu ya jikoni kwake, huku wakiongea mambo ya kawaida, bei ya viazi, harusi ya binamu. Bibi mmoja alimwita Sista Pilar, akatupa kutoka kwenye karatasi vitu vyeupe vyenye umbo la mfupa.

"Mifupa ya watakatifu," Sista Pilar alinieleza. "Ni lozi zilizosagwa na sukari. Masista wa hapa ni mafundi wa vitu hivi. Ndani yake kuna kiini cha yai."

Nilikula mfupa mtamu nikiwa nimesimama kati ya makaburi ya watu nisiowajua, na nikamkumbuka Awuor wangu aliyelazwa nyuma ya nyumba bila jiwe wala jina. Okello alipanda ua wa mnyaa kulizunguka kaburi, na kila mwaka anaukata mwenyewe. Hataki mtu mwingine auguse. Nilidhani ni mapenzi tu.

Tuliporudi nilikwenda moja kwa moja kwa Sista Remedios. Nilikaa chini, nikamshika mkono ule mzima, na safari hii mimi ndiye niliyeuliza. "Sista, siku ile ulipopita kwangu, kwa nini hukusimama?"

Alikunja uso kama anapotafuta mshipa wa mgonjwa. "Nilisimama," akasema.

Nikangoja.

"Nilisimama. Nilimwacha yule mama ndani ya gari, nikaingia. Mtoto alikuwa amelala kwenye leso yako, ya bluu, ya ndege. Okello akasema, 'Ndiyo kwanza amepata usingizi. Siku mbili hakulala. Usimwamshe, Sista.' Nikasema nimbebe hivyohivyo. Akasema, 'Nenda, yule mama atakufia garini. Akiamka nitamleta mwenyewe.'" Alipumzika. Maneno yalikuwa yakimtoka moja moja, bila kupotea njia. "Basi nikaenda. Akinyi, mtoto ameamka?"

Nilijua anasema kweli. Leso ile ya bluu niliinunua Homa Bay juma lile lile, na sikuwahi kuivaa dispensari. Nilimkuta Awuor juu yake, nikamfungia ndani yake, jeneza likapigiliwa misumari kabla Sista hajarudi, tukamzika nayo. Mtu aliyepita njiani bila kusimama asingeweza kuiona.

Nilikaa pale mpaka kengele ya sala ikalia. Sikuweza kumwomba msamaha, kwa sababu asingejua ni wa nini. Niliosha miguu yake kwa maji ya moto, nikaikausha, nikaipaka mafuta, na hayo ndiyo niliyoweza.

Siku ya tano aliuliza tena, mara tu nilipofungua pazia. Nilikuwa nimejiandaa.

"*Onindo*, Sista," nikasema. "Amelala. Tusimwamshe."

Aliinua kichwa. "Homa?"

"Imekwisha."

"*Ber*," akasema. Vizuri. Akafunga macho, akalala mpaka adhuhuri. Sista Pilar alisema hajalala hivyo tangu kiharusi cha Juni. Siku nzima hakuuliza tena ila mara moja, na nilipomjibu alitabasamu kwa upande mmoja wa uso, akaweka kidole mdomoni ili sisi sote tupunguze sauti.

"Umemwambia nini?" Sista Pilar akaniuliza.

"Kwamba mtoto amelala."

"Na ni kweli?"

"Kwetu, mtu akifa, tunaweza kusema hivyo. Sijamdanganya."

Kabla ya kuondoka nilimwandikia Sista Pilar neno hilo, *onindo*, kwa herufi za kwao, na nikamfundisha kulitamka. Alilirudia mara nyingi hadi likakaa. Siku ya sita asubuhi nilimuaga Sista Remedios. Alidhani naenda zamu. Aliniambia nisisahau kuchemsha mikasi.

Nilifika Lambwe Jumatano mchana. Okello alikuwa kwenye ua wa mnyaa, panga mkononi. Alipoona uso wangu aliliweka chini kabla sijasema lolote.

"Alisimama," nikamwambia.

Alikaa chini kwenye nyasi, taratibu, kama mtu mzima anavyokaa msibani. "Alisimama," akakubali.

"Kwa nini uliniambia alipita?"

"Siku mbili hakuwa amelala. Nilipomwona amefunga macho, nilifurahi, nyar Kanyada. Nilifikiri usingizi ni kupona. Kisha ukaja, umelowa mvua, umesimama pale unaniuliza. Nikaogopa. Nilisema neno la kupitisha jioni ile tu. Kesho yake ulikuwa umeshalishika, sikujua jinsi ya kukunyang'anya."

"Ukaniacha nimchukie mtu asiye na kosa."

"Nilikuacha."

Juma zima tuliishi nyumba moja bila maneno, kila mmoja akila kwa wakati wake. Jumamosi, siku ya Sabato ya kanisa lake, ambalo si langu, hakwenda kusali. Alikaa mezani na karatasi, akaandika barua kwa mkono wake mwenyewe, kwa Kijaluo, akaniomba anwani ya Toledo. Nikampa. Aliipeleka posta Homa Bay mwenyewe, kwa miguu sehemu kubwa ya njia.

Januari, barua hiyo ilirudi ikiwa ndani ya bahasha kubwa zaidi. Sista Pilar alieleza kwamba Sista Remedios alifariki mwanzoni mwa Desemba, alasiri, akiwa kitini mwake. Siku zake za mwisho alikuwa mtulivu. Yeye Pilar alikuwa akimjibu kila alipouliza. Barua ya mume wangu iliwafikia siku nne baada ya mazishi. Kwa kuwa hakuna pale ambaye angeweza kuisoma, na kwa kuwa haikuwa yao, waliona vyema wairudishe bila kuifungua.

Okello aliishika muda mrefu. Kisha akanipa. "Isome wewe," akasema, akatoka nje.

Niliifungua. Ilikuwa nusu ukurasa. Alikuwa ameandika kila kitu, leso, usingizi, yule mama garini, neno alilolisema mlangoni, na mwisho aliandika kwamba hamwombi Sista amsamehe yeye, anamwomba anisamehe mimi.

Nilimwita ndani, nikampakulia chakula. Tulikula sahani moja, kwa mara ya kwanza tangu nirudi.

Watu wa kanisani wakiniuliza nilijifunza nini Uhispania, huwaeleza habari za mto, za ndege wa siki, za peremende za mifupa, nao hufurahi. Ni kweli nilivijifunza hivyo. Lakini nilijifunza pia kwamba nilifanya kazi bega kwa bega na mtu miaka kumi na mitatu, nikimhukumu kila asubuhi, nikijiona mwema kwa sababu simwulizi. Ningemuuliza siku ile aliporudi na gari limejaa matope, angenijibu palepale, na ningemlilia mtoto wangu pamoja na mtu aliyempenda. Swali lenyewe lilikuwa fupi. Lingechukua muda mdogo kuliko wa kuchemsha maji.